Sauti ya Kapteni katika Toleo la Pili

4 Machi

Mzee Fundi Mitambo, shikamoo.

Hunijui, au labda ulinijua nikiwa na meno mawili. Mimi ni binti wa yule mama aliyekuwa sauti ya Kapteni katika "Mshumaa Angani", ile katuni ya Kijapani mliyoiingizia Kiswahili hapo studio kwenu. Yeye alikuwa mbele ya maikrofoni, wewe nyuma ya kioo. Mama alikutaja sana, alisema wewe ndiye mtu pekee pale aliyekuwa akimkaripia. Yule mama wa mapokezi wa zamani ndiye aliyenipa anwani yako, akaniambia masikio yamekuwa mazito na simu huziwezi tena. Ndiyo maana naandika.

Nina shida, na sitaki kuizungushia maneno. Baba yangu, yule msoma mita za maji, amesahau karibu kila kitu. Mara ananiita dada, mara muuguzi, juzi aliniuliza kama nimekuja kumkatia maji. Hilo nimelizoea. Kinachonimaliza ni kwamba ameacha kula. Hagombi. Anafunga mdomo tu na kugeukia ukuta, na kijiko changu kinabaki hewani.

Kulikuwa na dawa moja. Nikimwekea Mshumaa Angani, toleo la pili, pale Kapteni anapomlisha mhandisi aliyejeruhiwa, baba anageuka, anasikiliza, anafungua mdomo mwenyewe. Akimsikia Mama anakula. Tumeishi hivyo muda mrefu, mimi na baba na mhandisi wa katuni, wote tukila kwa wakati mmoja. Sasa diski imekufa. Ilichoka kwa kurudiwa, ikaanza kukwama, na mimi kwa ujuaji wangu nikaipaka dawa ya meno nikaisugua, kama watu wanavyofundishana. Nikaimaliza kabisa. Nakala ilikuwa kwenye kompyuta, na kompyuta iliungua umeme uliporudi kwa nguvu.

Naomba toleo la pili, Mzee. Acha nikueleze tofauti, usije ukaniletea jingine kwa nia njema. Mimi ndiye ninayeandika ule ulinganisho wa matoleo yote matatu kwenye mtandao, na wapenzi wa Mshumaa wananiita Hakimu, kwa sababu wakibishana wanakuja kwangu. Toleo la kwanza, chombo ni cha kijivu, kina viraka, roboti wao Bati anakufa katikati ya hadithi, na mhandisi anakufa kabla hatujamwona akila chochote. La pili, Wajapani wenyewe walirudi wakakata huku, wakaongeza kule: Bati anapona, mhandisi anapona, na kuna ile sehemu ndefu ya kumlisha. La tatu ni hili jipya la kompyuta. Kila kitu kinang'aa, Kapteni amepewa kiuno cha nyigu na nywele zinazopepea ndani ya chombo kisicho na dirisha, na Kiswahili chake ni maandishi chini ya picha. Nilimwekea baba, akaziba masikio.

Na Mama. Katika la kwanza bado mgeni, anatamka vizuri lakini unasikia karatasi iko mkononi. Katika la pili amekomaa. Niliandika hivi, na watu wanainukuu mpaka leo: "Katika toleo la kwanza anasoma, katika la pili anaishi." Najivunia sentensi hiyo.

Baba amepungua hadi naona aibu kumvalisha suruali. Nakuomba kama mzazi wangu.

Hakimu, binti wa Kapteni

12 Machi

Mwanangu Hakimu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyosoma barua za watu. Pole sana. Baba yako namkumbuka, alikuwa akimsubiri mama yako nje ya studio na kitabu cha mita kwapani, halafu anajifanya alikuwa akipita tu. Kila mtu alijua mtaa wetu si wa zamu yake.

Nakugombeza kidogo kwanza. Mpenzi gani wa katuni anayejiita Hakimu halafu ana nakala moja na nusu? Na hiyo dawa ya meno ni ya meno. Nimemaliza kugomba.

Studio ilifungwa, vifaa vikagawanywa kama nguo za marehemu, na mimi nilibaki na makabati mawili ya kanda. Siku hizi kazi yangu ni kuhamisha kanda za harusi za watu kwenye vijiti vya kompyuta. Nafanya kwa macho, naangalia mshale wa sauti ukipanda na kushuka, kwa sababu kusikia ndiyo hivyo tena. Ukifanya kazi na spika masikioni maisha yako yote, uzeeni zinakuja kudai.

Toleo la pili sijaliona, nimetafuta kabati la kwanza lote. Toleo la kwanza lipo, zima, safi. Nimekuwekea kwenye diski mpya na nakala yake, nimekabidhi kwa basi. Hiyo ni mama yako mtupu, mwanzo hadi mwisho, hakuna mkono wa mtu mwingine. Mwekee baba yako. Mimi naamini atageuka.

Kabati la pili nitalifungua wiki hii.

Fundi

20 Machi

Mzee Fundi, shikamoo.

Kifurushi kilifika salama na nakushukuru. Nilikaa nikalia kabla hata ya kumwita baba, maana sehemu nyingine nilikuwa sijazisikia tangu nilipoandika ule ulinganisho. Mama anacheka pale Bati anapomwaga mafuta, kicheko kile alichokuwa nacho jikoni.

Nikamweka baba kwenye kiti, nikamfunga kitambaa shingoni, chakula kikiwa laini kama alivyoagiza daktari, nikawasha. Alisikiliza kwa heshima, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari ya nchi jirani. Nikasogeza kijiko. Akanigeukia akaniuliza taratibu, "Huyu anayesema sana ni nani?"

Nikamwambia, ni mkeo. Akatikisa kichwa, akaisukuma sahani kwa kidole kimoja, akageukia ukuta.

Sijawahi kuumia hivyo, Mzee. Kunisahau mimi, sawa, mimi ni mtoto, watoto wako wengi duniani. Lakini kumsahau Mama? Yule aliyekuwa akimsubiri kwenye mtaa usio wa zamu yake?

Nimefikiri sana, na kama Hakimu nimefikia uamuzi. Tatizo si Mama, tatizo ni toleo. La kwanza halina ile sehemu ya kumlisha mhandisi. Halina ile kauli "kula kidogo, safari bado ni ndefu", halina ule muziki wa filimbi. Baba ameizoea sehemu ile kwa jinsi ilivyo, na bila hiyo hajui afungue mdomo wakati gani. Hilo linaeleweka. Nikajaribu kuisema mimi mwenyewe. Nilisimama mbele yake na sahani nikaisema kauli ya Kapteni neno kwa neno, na sauti nikaishusha kama Mama. Akaniangalia kwa upole, akasema, "Asante, tumeshanunua."

Nilicheka mpaka jirani akaja. Halafu sikuweza kuacha, na haikuwa kicheko tena.

Hospitali walimwekea mrija wa puani. Aliutoa. Wakaurudisha, akautoa, damu ikatoka. Daktari kaniita pembeni na kuniambia mwili wa mzee ukishafika hapa haungoji sana, na kwamba kumfunga mikono ni juu yangu kuamua. Mimi nasaga vioo vya miwani, Mzee, naamua unene wa kioo. Kumfunga baba yangu mikono siwezi kuamua.

Tafadhali, kabati la pili. Hata kama ni hiyo sehemu peke yake.

Hakimu

27 Machi

Mwanangu,

Nimefungua kabati la pili. Toleo la pili halipo. Enzi zile kanda zilikuwa ghali, na wakubwa walituamuru turekodi juu ya zilizokwisha kutumika. Kanda zenye jina la Mshumaa nimezikuta, lakini ndani ni mpira. Mahali pa kumlisha mhandisi kuna mtu anapiga penalti, na hata hiyo amekosa.

Sikiliza madaktari. Mambo mengine yakipotea, mwanangu, yaache yapotee.

Fundi

2 Aprili

Mzee Fundi,

Barua yako ya kwanza ilikuwa kurasa mbili na ikanigombeza. Hii ya mwisho ni fupi, na hainigombezi hata kidogo. Mtu aliyekosa kanda tu angenitania, angenipa pole, angeniuliza habari za baba. Wewe umeandika kama mtu anayezungumza na mgeni huku ameshika mlango.

Nimeirudia na ile ya kwanza. Mle uliandika toleo la kwanza ni "mama yako mtupu, hakuna mkono wa mtu mwingine". Kwa nini mtu aseme hivyo? Nani aliuliza kuhusu mkono wa mtu mwingine? Nimekaa na maneno hayo siku nzima dukani, nimeharibu vioo vya wateja.

Baba halali chali tena, mifupa inamuuma. Jana alimeza maji kidogo kwa kitambaa. Kama kuna mtu aliyerekodi nyumbani kwake, kama kuna mfanyakazi mwenzako ana kipande, kama kuna lolote unalolijua na hulisemi kwa kunionea huruma, usinionee huruma. Anakufa. Sijui namna nyingine ya kuliandika.

Hakimu

8 Aprili

Mwanangu Hakimu,

Mama yako alinikataza, nami nilinyamaza akiwa hai na hata baada ya kumzika. Sasa naona nikiendelea kunyamaza tutamzika na mumewe. Basi kaa chini usome.

Kati ya toleo la kwanza na la pili mama yako alipata uvimbe kooni. Walimpasua. Uvimbe ulitoka, na sauti ikatoka nao. Ulichokisikia wewe utotoni, ule mnong'ono mlioambiwa ni mafua sugu, ndicho alichobakiwa nacho. Studio ilikuwa imeahidi Kapteni yuleyule, sauti ileile, ama kazi iende kwa wengine. Mama yako alikuja na mdogo wake. Mama mdogo wako. Wale wawili, ukiwa nyuma ya mlango, huwezi kujua anayeongea ni nani. Hata mimi nilikosea, na enzi hizo masikio yangu yalikuwa mazima.

Walifanya mazoezi nyumbani kwenu, sebuleni. Baba yako alikuwa akisoma nafasi za wengine wote, Bati, mhandisi, hata king'ora cha chombo, ili shemeji yake apate wa kujibizana naye. Mama yako alikaa kwenye kiti akigonga meza. Pigo moja, umeharakisha. Mapigo mawili, rudia. Kila pumzi unayoisikia katika toleo la pili ni yake, kwa kugonga meza. Lakini koo ni la mdogo wake. Jina lililoandikwa mwishoni ni la mama yako, na mama mdogo alikubali hivyo.

Siku ilipoonyeshwa kwenye televisheni nilikuwa kwenu nimealikwa. Wote tulipiga makofi. Mama yako alisikiliza hadi mwisho, akaenda chumbani, na kesho yake akamwandikia mdogo wake asifungue mdomo tena ndani ya nyumba yake. Usimfikirie vibaya. Aliisikia sauti yake ikitembea na miguu ya mtu mwingine, ikicheka na mumewe. Hakuweza. Watoto mkaambiwa waligombania kiwanja.

Sasa unaelewa kwa nini nilikuletea toleo la kwanza. Nilitumaini baba yako atageuka kwa mama yako mwenyewe na mambo yaishie hapo. Hakugeuka.

Kanda hakuna, ni kweli. Lakini mama mdogo wako yupo, mji huuhuu. Anatangaza mabasi stendi. Abiria wanamsikia kila siku wakidhani ni mashine. Sauti ni ileile, imeongeza uzito kidogo tu, hivyo wanavyoniambia. Nimemweleza habari za baba yako. Na ile sentensi yako ya kusoma na kuishi, aliisoma zamani, mimi ndiye niliyemwonyesha.

Fundi

14 Aprili

Mzee Fundi,

Umenifanya nini?

Nimeandika mbele ya watu wote kwamba mama yangu alikuwa anasoma karatasi. Nimemshusha Mama mzima mwenye koo lake ili nimpandishe mtu mwingine, na nikajiita Hakimu. Watu wananiandikia kunipongeza, "una masikio wewe". Masikio gani? Nilikuwa nasikiliza kila pumzi, nimelinganisha matoleo sekunde kwa sekunde, na sikumjua mama yangu mwenyewe.

Na baba je? Akasikia sauti ya mkewe, akauliza huyu nani. Akisikia ya shemeji yake, anafungua mdomo. Nifikirie nini? Niambie wewe uliyekuwa pale sebuleni, nifikirie nini kuhusu mwanamume aliyejibizana na shemeji yake jioni baada ya jioni huku mkewe akigonga meza? Mama alijua. Ndiyo maana alimfukuza. Sasa unataka nimfungulie mlango ule ule.

Huyo mama mdogo nilimwona mara ya mwisho kwenye msiba wa Mama. Alikaa kwenye kona, kitambaa mdomoni, hakutupa hata pole. Watoto tulimshika mkono akauondoa. Tukasema anaringa.

Sitamwita. Bora nimfunge baba mikono.

Hakimu

23 Aprili

Mama mdogo, shikamoo.

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, mwandiko uniwie radhi.

Walimfunga mikono. Mimi ndiye niliyetia sahihi. Alilia, mama mdogo, hakulia kama mzee, alilia huku akiniomba msamaha, akidhani kuna mita alisoma vibaya. Niliwaambia wamfungue. Mrija ukatoka tena na wameniambia hawatarudisha, koo limevimba. Nimerudi naye nyumbani mara moja kisha tukarudi hapa, na kesho wanatutoa tena, safari hii hawajasema tuje lini.

Nilikuwa na maneno mabaya juu yako na nimeyaandika kwa Mzee Fundi. Sijayafuta moyoni, sitakudanganya. Sijui kama ulimchukulia mama yangu mumewe au ulimchukulia sauti tu. Nimechoka kutaka kujua. Kama baba anakula kwa ajili yako, basi ale. Nikishamwona ameshiba ndipo nitakapopata nguvu za kukuchukia vizuri.

Njoo, tafadhali. Kwa anwani ya nyuma ya bahasha. Njoo hata kama atakufa ukiwa njiani.

Mwanao, Hakimu

28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata stendi, nikashindwa kutangaza basi la mchana, likaondoka bila kutangazwa.

Ule msiba, sikuringa. Niliogopa. Mlikuwa mmekaa pale wadogo, macho mekundu, na mimi nikifungua mdomo kusema pole, mngemsikia mama yenu. Ningewafanyia kitendo gani kile? Nikaziba mdomo na kitambaa, nikakuondolea mkono kwa sababu nilikuwa karibu kusema jina lako.

Baba yako hakunigusa hata kidole, wala mimi. Alikuwa ananijibu kama Bati tu, kwa ile sauti ya puani aliyoitunga, mpaka nacheka. Mama yako alichokiona akakifukuza ni kile kicheko. Nilimwelewa wakati ule, na sasa namwelewa zaidi.

Nitakuja. Ila nina sharti, nataka ulikubali kabla sijafika. Sitakuwa yeye. Niliishi msimu mzima nikiwa yeye, jina langu likakaa nje kama viatu. Nikikaa mbele ya baba yako nitamwambia, "Shemeji, ni mimi, mdogo wa mkeo." Akila, ale akijua analishwa na nani. Asipokula, nitarudi.

Na ile sentensi yako kwenye mtandao, usiifute kwa ajili yangu. Wala usiiache kwa ajili yangu.

Mama mdogo

11 Mei

Kaka Fundi,

Nilifika. Niliahidi kukuandikia siku ya kwanza na sikuweza, mkono ulikataa.

Nianze na ukweli ambao siwezi kumwambia Hakimu. Uliponisomea barua yake, kwamba shemeji hakuijua sauti ya dada akaijua yangu, nilifurahi. Mungu anisamehe, kaka. Nilienda chooni pale stendi nikafurahi peke yangu kama msichana. Maisha yote nimekuwa sauti isiyo na mtu, na nikasikia kwamba kuna mtu mmoja, katika vyote alivyosahau, amenikumbuka mimi. Kwenye basi nilipanga la kumwambia. Sikumpangia Hakimu hata neno, nilimpangia yeye.

Hakimu alinifungulia mlango. Hakunikumbatia wala hakuninunia. Alinitazama mdomo tu, akisubiri. Nikamwambia, "Pole, mwanangu," akashika ukuta. Alikuwa hajamsikia mama yake akimwita mwanangu kwa sauti nzima tangu akiwa mdogo kabisa. Ndicho kile nilichokiogopa msibani, nikamfanyia ukubwani.

Shemeji yuko kitandani, kageukia ukuta. Hutamjua. Yule mwanamume aliyekuwa akituigizia king'ora amebaki kama nguo iliyotundikwa. Hakimu akanipa sahani, akasimama mlangoni na mikono yake nyuma. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda na maneno yangu tayari, yale ya sharti.

Nikasema, "Shemeji."

Hilo tu ndilo nililowahi kusema. Akageuka, kaka. Aligeuka mzima mzima, kwa mwili ambao Hakimu anasema haujageuka wenyewe tangu waliporudi kutoka hospitali. Akanitazama kooni. Usoni hakunitazama kabisa. Akainua mkono, akanigusa hapa chini ya kidevu, mahali alipopasuliwa dada, akipapasa, akitafuta kovu. Halafu akaniuliza, "Koo limepona?"

Nyuma yangu nikamsikia Hakimu akikaa chini, sakafuni, bila kiti.

Basi ndilo alilokuwa akilisikia kila siku kwenye ile diski. Hakuwa akinisikia mimi. Alikuwa akimsikia mkewe amepona. Ile sauti ya toleo la kwanza kwake ni ya mama fulani mzima anayesema sana, hana wasiwasi naye. Aliyemngoja ni yule wa mnong'ono, aliyekuwa akigonga meza, na kila nilipoanza kuongea alijua amerudishiwa sauti, naye akapata njaa.

Nilikuwa na jina langu mdomoni. Hakimu ni shahidi, nilikuwa nalo, herufi ya kwanza ilishatoka. Shemeji akaniangalia, na mdomo wake ukaanza kufungika tena taratibu kwa sababu nimechelewa kujibu.

Nikamwambia, "Limepona, mume wangu."

Akala. Alikula sahani yote, akauliza kama wewe umelipwa kwa ile kazi ya kurekodi usiku, akalala huku ameshika mkono wangu. Hakimu alibaki sakafuni muda mrefu. Baadaye aliniomba radhi kwa aliyoyaandika, nikamwambia hakuna radhi ya kuomba. Akaniuliza kama aandike kwenye ulinganisho wake jina langu sasa, watu wajue. Nikamwambia asiliandike. Si kwa wema. Sitaki kuliona pale asubuhi halafu niingie chumbani kuitika la dada.

Tangu siku ile anakula mara tatu, na kila mara kabla ya kijiko cha kwanza ananiuliza kama koo limepona. Nami namjibu. Daktari anasema anarudi, anaweza kuishi miaka mingine.

Mwambie msimamizi wa stendi atafute mtu mwingine wa kutangaza mabasi.

Mdogo wako